Fundi wa Phoenix anayeogopa kimya cha darini

Saa kumi na mbili asubuhi, jua linachungulia tu, na ukiuegemea ukuta wa nyumba ya Bi. Amparo Félix unakuta bado una moto wa jana. Rosalba Bojórquez anashusha ngazi kwenye gari, anaitupa begani na kuingia nayo ndani bila kubisha hodi. Mlango umeachwa wazi. Hakuna ubaridi wa kulinda.

Kiyoyozi cha nyumba hii ya Maryvale, magharibi ya jiji la Phoenix, kilikufa jana jioni. Bi. Amparo, mwenye umri wa miaka sabini na minane, amelala kwenye sakafu ya bafu, amejifunika shuka lililoloweshwa maji.

"Mimi sijafa," anawatangazia mafundi. "Msinijie na nyuso za msiba."

Ngazi inasimamishwa ndani ya kabati la nguo la chumbani, maana huko ndiko uliko mlango wa dari. Anayepanda ni Lalo, mdogo wake mume wa Rosalba, kijana wa miaka thelathini na tatu, mwembamba kama ufagio, mwenye mdomo usiojua likizo. Anaingiza kichwa gizani, mabega yanafuata, mwisho viatu navyo vinamezwa.

"Haya, shemeji, sema," Rosalba anamwamuru kutoka chini.

"Unataka la bucha au la kanisa?"

"Lolote, mradi jipya."

"Basi la bucha. Yule mjane wa bucha ya kona kapaka nywele rangi."

"Rangi gani?"

"Nyekundu, shemeji! Nyekundu ya kusimamisha magari! Na tangu azipake, yule mzee muuza matikiti anakula nyama kila siku. Na meno hana."

Bi. Amparo anacheka mpaka anakohoa. Mkwewe, Duane, mume wa bintiye, aliyekuja juzi kutoka Minnesota kumsalimu, anacheka pia ingawa hajui Kihispania hata neno. Rosalba hacheki. Amekaza macho kwenye lile tundu jeusi, mkono mmoja umeshika ngazi, na uso wake ni wa mtu anayesikiliza mlango wa chumba cha upasuaji.

Rosalba ana umri wa miaka arobaini na sita. Amekuwa fundi wa viyoyozi kwa miaka kumi na sita, kazi aliyofundishwa na mumewe, Evaristo. Nyumba nyingi wanazozihudumia zina sehemu ya mtambo darini, katikati ya dari na paa, mahali ambapo Julai hata panya hakai. Saa tatu asubuhi huko juu pamekuwa tanuri. Adhuhuri, mtu anaweza kupikwa kabla hajajua kuwa anapikwa.

Ndiyo maana mafundi hawa wana sheria yao. Aliye juu lazima aseme bila kukoma. Aliye chini lazima asikilize, na haondoki kwenye ngazi hata nyumba ikiungua. Mtu akizidiwa na joto, wanasema, kinachotangulia kuharibika ni maneno. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kuhesabu namba au kuomba dua saa nzima huku anafungua skrubu, wao husengenya. Umbeya hauhitaji kufikiri. Unatoka wenyewe.

"Mdomo ukifa, mwenye mdomo anafuata," anasema Rosalba. "Hiyo tuliijua. Tusichokijua ni kwamba mdomo unaweza kuwa hai huku mtu anakufa."

Hilo alijifunza Julai ya mwaka jana.

Siku hiyo aliyekuwa juu ni Evaristo, kwenye nyumba moja upande wa Glendale, na saa zilikuwa zimekwenda. Akawa anasimulia arusi ya binamu yao, jinsi keki ilivyoteleza mezani ikatumbukia kwenye bwawa la kuogelea, na bibi harusi akairukia na gauni lake. Akaimaliza. Akaianza tena. Rosalba akacheka, maana Evaristo ndiyo tabia yake, hadithi tamu huirudia mpaka ichakae. Akaianza mara ya tatu. Safari hii bibi harusi akawa binti yao wenyewe, na bwawa likawa mto wa kijijini kwao Sonora, kule Meksiko.

"Nikacheka zaidi. Nikadhani ananichokoza," anasema. "Mume wangu anapikwa, mimi nacheka."

Alipopanda alimkuta Evaristo ameketi juu ya pamba ya kuzuia joto, ngozi kavu kama karatasi, anatabasamu. Zimamoto walimtia kwenye mfuko uliojaa barafu, wakaufunga mpaka shingoni, wakaondoka naye hivyo kama samaki wa kupelekwa sokoni. Siku kadhaa baadaye alipofumbua macho hospitalini, aliuliza kama keki imeokolewa.

Hakufa. Lakini mwili wake ukasahau kutoa jasho, na daktari akamkataza jua. Kuanzia Mei mpaka Oktoba Evaristo hukaa ndani, madirisha yamezibwa kwa karatasi ya kung'aa, anatazama mpira na kukunja nguo. Mwanamume aliyekuwa akipanda mapaa kama paka, leo anaulizwa na wajukuu mbona yeye haendi kazini.

Sasa Rosalba anafanya kazi na Lalo, na sheria imeongezwa makali. Habari lazima iwe mpya. Na katikati ya habari, Rosalba humkatiza kwa maswali: nani kasema, wapi, alivaa nini. Akijibu vizuri, yu mzima.

"Shemeji huyu ni polisi," Lalo analalamika. "Watu wengine wanasengenya kwa raha zao. Mimi nasengenya kwa mtihani."

Umbeya wa kutosha nyumba tano kwa siku si mchezo. Lakini Maryvale nzima inajua kinachomweka Lalo hai, basi humpa habari kama watu wanavyotoa sadaka. Kinyozi humwekea za vijana. Buchani wanamnong'oneza huku wakimpimia nyama. Mchango mkubwa hutoka kwa Chayo, jirani wa Rosalba, muuza vimkate vya mahindi viitwavyo tamale, ambaye husimamisha gari lao asubuhi na kuingiza kichwa dirishani: "Chukua na hii, itakutosha kwenye nyumba mbili."

Kazi yenyewe hulipa, kwa majira. Kiangazi, siku nzuri huwaachia kama dola mia tatu baada ya vifaa na mafuta. Wageni wa kaskazini wanaokimbia theluji wanapoanza kuwasili na hali ya hewa inapokuwa ya kupiga picha, wiki nzima yaweza kupita bila simu. "Wao huja tukianza kupumua, huondoka tukianza kukabwa," anasema Rosalba. "Joto hili linatuua na ndilo linalotulisha."

Duane yeye amekuja Julai kwa sababu ndipo alipopewa likizo. Jana walipotoka kwenda kanisani alizima kiyoyozi ili kuokoa umeme. Waliporudi wakakuta nyumba inachemka, akateremsha kidude cha ukutani cha kupangia baridi mpaka mwisho kabisa ili nyumba ipoe upesi. Mtambo ukaganda barafu, feni ikahangaika kusukuma hewa isiyopita, mota ikaungua.

"Nilisikia joto la huku ni kavu," anajitetea, na Lalo anamtafsiria kutoka darini.

"Hata la tanuri ni kavu, mkwe wangu," anajibu Bi. Amparo. "Muulize mkate."

Lalo anashuka na mota mkononi, ameloa kama aliyeanguka kisimani. Lazima wakatafute nyingine. Duka la vifaa limefurika mafundi, foleni imetoka mpaka nje, na kila aliyepo ana nyumba inayomngoja na mzee au mtoto ndani yake. Wanaporudi Maryvale ni saa nne na nusu.

Rosalba ana mpaka wake: baada ya saa nne hakuna anayepanda. Anamwambia Bi. Amparo akubali kwenda hotelini na mkwewe, watarudi kesho alfajiri. Duane ameshika funguo za gari tangu asubuhi. Bi. Amparo hataki. Hajawahi kulala kwenye kitanda cha kukodi, na haanzi leo.

Ila anakataa kwa kutikisa kichwa tu. Hatukani mtu. Hamwiti mkwewe pengwini, kama alivyozoea. Midomo yake imekauka na macho yamelegea. Rosalba anamtazama, na Lalo anamtazama Rosalba.

"Dakika kumi, shemeji," Lalo anasema. "Kufunga tu. Nusu ya kazi nimeshaifanya."

"Panda. Na usinyamaze."

Lalo anapanda. Hewa inayotoka tunduni inampiga Rosalba usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa.

"Dukani leo," sauti inaanza, "kuna fundi kaachwa na mkewe kwenye foleni, kwa simu..."

"Hiyo ulinipa garini."

"Basi yule mjane..."

"Ya asubuhi hiyo."

"Shemeji, siku ya joto kama hii hata wambea wamelala!"

"Tafuta."

Kinachofuata ni mlio wa bisibisi. Kisha bisibisi nayo inanyamaza.

"Lalo."

Kimya.

"Lalo!"

Rosalba hajapanda ngazi ya darini tangu ile siku ya Glendale. Anaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza, ngazi nzima inalialia. Cha pili. Jasho la uoga ni baridi hata Phoenix. Midomo yake inasema kitu, labda ni jina la mtakatifu, labda ni la mumewe.

"Nipo," sauti inatoka, ya chini.

"Mbona umenyamaza? Unataka kuniua?"

"Nimebakiwa na moja tu, shemeji. Na hiyo nimekatazwa."

"Umekatazwa na nani?"

"Na kaka."

Rosalba anakaza mikono. "Sema, au naja kukuvuta miguu."

Lalo anasema, huku anafunga skrubu, maneno yanatoka vipande vipande. Kwamba Evaristo, kila siku mkewe akishaondoka, anatoka nje. Kwamba anaingia kwenye ile pikapu mbovu iliyo nyuma ya nyumba, anapandisha vioo na kukaa humo juani, kila siku akiongeza muda kidogo. Kwamba anauzoesha mwili, kama bondia, ili arudi kazini.

"Anaingia saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

Ni saa tano kasorobo.

"Na nani mwingine anajua?"

Bisibisi inasimama. "Mtaa mzima, shemeji. Isipokuwa wewe."

Hapo Rosalba anaelewa ni kwa nini wiki nzima Chayo amekuwa akimpa Lalo habari haraka haraka na kukwepa macho yake. Anampigia Evaristo. Simu inaita mpaka inakatika. Anapiga tena. Anampigia Chayo, naye hapokei.

"Shuka!" anapiga kelele juu.

"Zimebaki mbili!"

"Shuka, nimesema!"

"Nikishuka sipandi tena leo, na huyo bibi je?"

Nyumbani ni mitaa sita tu. Lakini juu kuna mtu, na aliye chini haondoki kwenye ngazi. Rosalba anasimama kwenye kipandio cha pili, hapandi, hashuki. Atakuja kusema baadaye kwamba hata Julai iliyopita hakuogopa vile, maana ile ya kwanza ilimkuta bila taarifa na hii inamsubiri aichague.

Ni Bi. Amparo anayemkwamua. Anaburuta miguu kutoka bafuni, shuka lake linamfuata kama mkia, Duane amemshika kiwiko.

"Niletee kiti," anamwashiria mkwewe. Anaketi chini ya ngazi, anafuta uso kwa kitambaa kibichi na kuinua kidevu. "Wewe Lalo! Huyo mjane, rangi ya nywele kanunulia wapi? Na usinidanganye, mama yake nilimjua." Kisha anamgeukia Rosalba. "Nimesikia yote. Masikio bado ninayo. Nenda, mwanangu. Huyu akinyamaza nitamtuma huyu pengwini wangu juu."

Rosalba anakimbia.

Usukani unaunguza, anaushika kwa vidole viwili viwili. Taa zote ni nyekundu, au ndivyo anavyoziona. Anaegesha nusu ya gari juu ya kijia cha miguu na kuzunguka nyuma ya nyumba.

Chayo yuko pale na mwavuli, anagonga kioo cha pikapu kwa kiganja. "Leo amepitiliza muda wake, jirani, namtukana hafungui! Naomba unisamehe, yeye alituapisha!"

Ndani ya pikapu Evaristo ameketi wima nyuma ya usukani, uso mwekundu, kama anayeendesha kwenda mahali. Anamwona mkewe. Anatabasamu.

Tabasamu lile lile la darini.

Rosalba anashika kitasa cha mlango kwa mkono mtupu na ngozi ya kiganja inabaki pale. Umefungwa kwa ndani. Anachomoa spana kiunoni na kuvunja kioo cha upande wa pili. Vipande vya kioo vinamwagika kwenye kiti.

"Mkeo anaitwa nani?" anamfokea.

"Wewe mwanamke, kile kioo..."

"Mkeo anaitwa nani!"

"Rosalba mwendawazimu," anajibu Evaristo. "Na kioo hicho utanunua wewe."

Wanamvuta nje, Chayo miguuni, Rosalba makwapani, wanampeleka mpaka jikoni na kumlaza mbele ya feni. Chayo anakwenda kutafuta barafu. Evaristo anamsukuma mkewe anayetaka kumvua shati.

"Gusa," anamwambia. "Acha kulia, gusa mgongo."

Shati limeloa.

"Umejimwagia maji."

"Sijajimwagia."

"Evaristo, usinichezee leo."

"Onja, kama huamini."

Na Rosalba, mama wa watoto watatu, bibi wa wajukuu wawili, anainama pale kwenye sakafu ya jikoni na kumlamba mumewe begani. Ni chumvi. Anakaa chini, kiganja kilichoungua amekipakata kama mtoto, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hajui aogope nini.

Chayo anarudi na barafu, anawakuta hivyo. "Jamani, nami nipo," anasema. Ndiyo habari ya kwanza Lalo atakayoipata kesho.

Simu ya Bi. Amparo inakuja kabla ya adhuhuri. Mota inazunguka, hewa inatoka, Lalo ameshuka na amekunywa mtungi mzima wa maji mekundu ya maua ya rozela. Duane ameambiwa kwamba akigusa kile kidude cha ukutani tena atarudi Minnesota kwa miguu.

Jioni, kiganja kikiwa kimefungwa bandeji, Rosalba anaketi sebuleni na funguo za pikapu ndani ya sidiria. Wamegombana mchana kutwa. Alimwambia amemfanya mjane mara mbili kwa mwaka mmoja. Akamjibu kwamba yeye si kiazi cha kuwekwa kwenye friji. Rosalba akamkumbusha marufuku ya daktari. Evaristo akasema daktari hajakunja soksi kwa miezi miwili.

Kesho watakwenda wote kwa huyo daktari, akasikie kwa masikio yake kuhusu hilo jasho. Kuhusu pikapu, Lalo amepewa kazi ya kuiuza vipuri.

Watu wanadhani amefurahi, anasema. Chayo ameshatangaza mtaani kuwa Evaristo amepona. "Alipokuwa hatoki jasho nilijua yuko wapi. Nyuma ya mlango ule, anakunja nguo. Nilikuwa namwogopea Lalo peke yake. Sasa niwaogopee wawili, na mmoja ni huyu asiyesikia," anasema Rosalba.

Kinachompa usingizi ni Novemba. Anaitaja kama watu wengine wanavyotaja sikukuu. Wageni watakuwa wameanza kuja, asubuhi zitakuwa za sweta, na darini mtu anaweza kukaa kama anavyokaa varandani. Siku moja ya mwezi huo, daktari akikubali, atampakia Evaristo garini, watakwenda kwenye nyumba ya mtu wanayemfahamu, mapema, na yeye mwenyewe atashika ngazi.

"Nyumba moja," anasema. "Fupi."

"Mbili," inasikika sauti kutoka jikoni.

"Moja, Evaristo!"

"Moja na nusu."

Rosalba anainuka. Kipimajoto cha dirishani kinasema nyuzi arobaini na sita, jua linakaribia kuzama, na Julai haijafika hata katikati.

"Tufike kwanza," anasema, na kwenda kuhakikisha mlango wa nyuma umefungwa.